Methadoni: aliyetulia apewe dozi ya nyumbani, au aendelee kupanga foleni kila siku?

Wakuu, najua wengi mtanipinga, ila acha niseme.

Tangu hospitali ya Muhimbili ianze kutoa methadoni (dawa ya kunywa inayomsaidia mraibu wa heroini, yaani unga, kuachana nayo) mwaka 2011, serikali imesogeza huduma hadi Mwananyamala, Temeke, Dodoma, Mbeya, Mwanza na kwingineko, na dawa ni bure. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu uko dirishani. Kwenye kituo ninachokijua mimi, mgonjwa anafika, anapewa kikombe, anakunywa mbele ya mhudumu, anaondoka. Kesho tena. Jumapili tena, Idi tena.

Mdogo wangu yuko mwaka wa nne kwenye methadoni. (Nilikuwa namwita teja mpaka siku aliyoacha kuniitikia.) Unga hagusi, mkojo wake ukipimwa ni safi. Ni fundi wa kuchomelea, na mara mbili ameachishwa kazi kwa sababu ile ile: asubuhi yuko kituoni, karakana anafika wenzake wameshaanza. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi. Akikosa siku moja, arosto (mateso ya mwili kukosa dawa) inamfuata, maana methadoni nguvu yake ni ya siku moja hivi. Akikosa siku kadhaa mfululizo, hawezi kurudishiwa dozi yake yote, mwili unakuwa umeshaanza kuisahau. Yaani kibarua cha Morogoro cha wiki mbili kwake ni ndoto.

Watakaosema "mkiwapa wataiuza" wana hoja, na sitaibeza. Methadoni kwa asiyeizoea inaweza kuzima pumzi, na mtoto akiinywa kwa bahati mbaya anaweza kufa. Hata Ufaransa, ilipowaruhusu madaktari wa kawaida kuandika buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, katikati ya miaka ya 1990, vifo vya kuzidisha dozi vilishuka sana, lakini vidonge vingine vikaingia mtaani, na vikavushwa hadi Mauritius. Kuvuja kupo.

Ila kuvuja kunapimwa dhidi ya nini? Marekani mwaka 2020, korona ilipobana, waliotulia wakaruhusiwa kubeba dozi hadi za siku 28, na wasiotulia sana hadi 14. Mwaka 2024 ruhusa hiyo ikafanywa ya kudumu. Sisemi tunakili, wao wanazikana kwa fentanili, dawa kali kuliko unga, kwa makumi ya maelfu kila mwaka, haraka yao si yetu. Nasema hata wao, kwa hofu yote waliyonayo, waliona mtu anaweza kuaminiwa na chupa.

Mimi naomba kidogo: siku tatu, kisha wiki, kwa aliyethibitika, kwenye chupa yenye kifuniko ambacho mtoto hafungui, na aitwe kwa kushtukiza aje na chupa zake zihesabiwe. Akikutwa na pungufu, arudi dirishani kesho yake. Nafuu nyingine ni kwamba foleni ikipungua, muuguzi atapata muda wa kumsikiliza yule mpya anayetetemeka pale nyuma. Kufungua vituo vipya ni jambo jema, lakini kila kituo kikijaa watu wale wale kila asubuhi, mgeni ataingilia wapi?

Mnaofanya kazi kwenye hayo madirisha, na nyie mlio kwenye dawa: mwaka mmoja wa mkojo safi unatosha kuanzia, au mnataka miwili? Na yule anayelala kibarazani, asiye na hata sanduku la kufunga, tunamfanyaje? Hapo mimi mwenyewe nimekwama.