Naomba ushauri: vifaa gani nianze navyo kushika gari mwenyewe nyumbani? Bajeti laki nne

Mwembe Gereji (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema? Naomba mawazo yenu kabla sijaingia maduka ya spana ya Gerezani na hela mkononi, maana pale ukionekana mgeni kila spana ni "orijino, Mjerumani huyu bosi wangu".

Nina Toyota IST ya 2004, injini 1NZ. Naishi Kigamboni, nina uwanja wenye ukuta na mwembe, na kivuli cha mwembe ndiyo gereji yenyewe. Sina mpango wa kushusha injini. Nataka niweze kumwaga oili, kubadili plagi, filta, breki pedi na betri, na nijue gari inaumwa nini kabla sijaambiwa na mtu mwingine. Kwa sasa nina wili spana na jeki ya kukunja zilizokuja na gari, bisibisi mbili na praisi.

Nimeona boksi la vipande 108 linang'aa kweli kweli, ila linakula nusu ya hela. Nichukue hilo au nikusanye kimoja kimoja? Na ninyi mnaoshika gari zenu, ni kifaa gani mkinyang'anywa leo, kesho mnarudi kwa fundi?

Babu Racheti

Karibu kwenye chama, mkuu. Boksi achana nalo kwanza. Nusu ya vile vipande ni vichwa vidogo vidogo vya bisibisi ambavyo IST haina habari navyo.

Gari yako inaongea namba chache, za milimita: 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Terminali za betri na bolti za koili ni 10. Bolti ya kumwagia oili ni 14. Nati za tairi ni 21. Huko katikati utakutana na 12 mpaka uichoke. Chukua racheti (mkono wa kuzungushia soketi) moja nzuri ya nusu inchi na moja ndogo ya robo tatu ya hiyo (wauzaji wanaiita "thri eiti"), ekstensheni za kurefushia racheti, fupi na ndefu, kisha soketi za hizo namba. Ongeza seti ya spana zenye ringi upande mmoja na mdomo wazi upande wa pili, kuanzia 8 hadi 19.

Plagi za 1NZ zinataka soketi ndefu ya 16 yenye mpira au sumaku ndani, maana plagi ziko shimoni na bila hiyo utazivua kwa maombi. Mwambie muuzaji akuonyeshe namba. Usikubali akupe ya 21 ya plagi za zamani.

Halafu kitu ambacho watu hawaangalii: chungulia soketi kwa ndani. Zipo za kona 6 na za kona 12. Wewe chukua za kona 6. Za kona 12 zinashika bolti kwenye ncha tu, na bolti ikiwa na kutu kidogo zinaichubua inabaki duara. Ikishakuwa duara, kazi ya dakika mbili inakuwa ya kutwa nzima na fundi wa kuchomelea juu.

Uvungu Salama

Nimesoma post yako mara mbili na kinachonisumbua si boksi la vipande 108. Umesema Kigamboni. Huo uwanja wako ni mchanga au una zege?

Mwembe Gereji

Mchanga mkuu. Mchanga hasa.

Uvungu Salama

Basi hela yako ya kwanza isiende kwenye spana. Iende kwenye jeki ya mafuta yenye magurudumu ya tani 2 au 3, jozi ya stendi za kushikilia gari ikishainuliwa, na vipande vya mbao nene. Ile jeki ya kukunja kazi yake ni kubadili tairi barabarani, basi. Kiwiliwili cha mtu hakiingii chini ya gari iliyoshikwa na ile kitu, hata kwa sekunde ya kuokota nati.

Sasa mchanga. Jeki ya magurudumu inapopandisha huwa inasogea kidogo kuifuata gari. Kwenye zege inabingirika yenyewe, kwenye mchanga magurudumu yanazama, jeki haisogei, na pale juu sehemu ya kushikia inaanza kuteleza. Stendi nazo miguu yake ni myembamba, inazama upande mmoja na gari inainama polepole bila wewe kuona. Dawa ni ubao mpana wa mninga au plaiwudi nene, unaotosha jeki nzima kukaa juu yake, na vipande vingine chini ya kila stendi. Ukiweza kumwaga kijukwaa kidogo cha zege hapo chini ya mwembe, bora zaidi kuliko kifaa chochote kitakachotajwa kwenye uzi huu.

Na tofali la bloku usiweke hata siku moja. Linabeba vizuri likiwa ukutani, uzito umetandazwa. Ukilikandamiza sehemu moja tu linapasuka ghafla, halitoi ishara.

Tairi zinazobaki chini ziwekee kabari, vuta hendibreki, weka gia P. Gari ikishakaa kwenye stendi itikise kwa nguvu ukiwa umesimama nje. Ikikubali, ndiyo uingie.

Mlipa Fundi

Mnamtia mwenzenu gharama za bure. Kumwaga oili mtaani ni hela ya vocha. Laki nne zote hizo, atalipa fundi miaka mingapi?

Babu Racheti

Hesabu yako ni sahihi kwa oili peke yake. Ila yeye amesema anataka kujua gari inaumwa nini. Hicho hauziwi kwa hela ya vocha.

Mama Vitz Nyekundu

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Kifaa changu ni mita ya umeme, ile ya kidijitali ya bei rahisi kabisa. Wakininyang'anya nitalia.

Vitz yangu ilianza kuzima taa za dashibodi na asubuhi haiwaki. Fundi mmoja akasema altaneta, ile inayochaji betri, imekufa, akataja na bei. Nikapima betri gari ikiwa imelala usiku: volti 12.5. Nikawasha, nikapima tena kwenye betri: 14.1. Altaneta inayotoa hivyo haijafa. Nikaweka waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya betri na mwingine kwenye terminali iliyoishika, mtu akapiga stata, mita ikasoma zaidi ya volti moja. Hapo inatakiwa iwe karibu na sifuri. Terminali ilikuwa na ule ungaunga mweupe ndani. Brashi ya waya, maji ya moto, spana ya 10, kazi kwisha.

Kwa hiyo kaka, kumbuka hizi: 12.6 gari imezimwa ni betri iliyojaa, 12.2 imebaki nusu hivi, na gari ikiwaka utegemee kati ya 13.8 na 14.5. Ukifungua betri anza na hasi. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hukuziomba.

Kijana wa Grogan

Salamu kutoka Nairobi. Nyote mmesahau bisibisi. Gari za Japani zina skrubu za nyota ambazo si sawa na za bisibisi ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi. Inaonekana imeingia, ukikaza mkono inaruka na kula kichwa. Tafuta bisibisi ya kiwango cha Kijapani, JIS, namba 2. Hapa kwetu huwa tunazipata kwenye vifaa vya mtumba, na spana za mtumba za Kijapani pia ni chuma kizuri kuliko hizo mpya zinazong'aa. Shika racheti, izungushe, sikiliza meno. Ikiwa legelege, rudisha.

Mwembe Gereji

Nashukuru sana wakuu, nimejifunza mengi kwa siku moja. Maswali mawili. Torki renchi, ile ya kupima nguvu ya kukaza, ni lazima? Na kile kidude cha kusoma matatizo kwa simu, ELM327, kinafaa?

Babu Racheti

Torki renchi si ya siku ya kwanza, ila iwe ya pili. Nati za tairi za Toyota yako ni 103 Nm. Watu wanazipigia mguu mpaka zinalia, siku ya pancha mkeo au wewe mwenyewe mnashindwa kufungua. Sehemu yenye hatari zaidi ni plagi, kwa sababu kichwa cha injini ni alumini na meno yake ni laini. Anza kwa vidole na ekstensheni tupu, racheti iingie mwishoni tu. Filta ya oili haihitaji kifaa wakati wa kufunga: paka oili kwenye mpira, zungusha mpaka iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Na oili ni lita 3.7 pamoja na filta, usitie galoni nzima ya lita nne eti kwa sababu imebaki kidogo.

Waya Mfupi

ELM327 kwa gari za Japani za miaka hiyo ni bahati nasibu. Tundu la pini 16 lipo chini ya usukani, lakini lugha inayoongelewa humo si lazima iwe ile simu yako inayoijua. Omba ujaribu kwenye gari yako kabla ya kulipa. Ikikataa, kuna njia ya mafundi wa Toyota: unganisha tundu namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini itapepesa tarakimu za kosa. Hesabu matundu kwa makini, kwa sababu namba 16 ina moto wa betri moja kwa moja.

Tanga Kutu

Mnaoishi karibu na bahari, msisahau dawa ya kulegeza kutu. Pulizia bolti za breki na za chini jioni, fanya kazi asubuhi. Na kipande cha bomba la chuma la kurefushia mkono wa racheti, lakini kwa kufungulia tu, kamwe si kukazia. Vifaa vyenyewe vifute kwa kitambaa chenye oili kabla ya kuvifungia, hewa ya chumvi haichagui Mjerumani wala Mchina. Na tandika turubai chini. Nati ikidondoka mchangani utaitafuta mpaka magharibi, labda uwe na sumaku ya fimbo.

Mwembe Gereji

Sawa. Nimeamua: jeki, stendi na mbao kwanza, kisha racheti na soketi za kona 6, spana, mita, bisibisi ya JIS. Torki renchi mwezi ujao. Boksi linalong'aa nimeliacha dukani. Bado moja: oili chafu mnaipeleka wapi? Nina kisima kwenye uwanja.

Uvungu Salama

Basi usimwage hata kijiko, mchanga unapitisha kila kitu. Irudishe kwenye galoni ulilonunulia. Ulizia kwa mafundi seremala na wanaojenga hapo mtaani, wanapaka mbao za paa kuzuia mchwa. Watakuja kuichukua wenyewe.