Tupeane uzoefu: umepima, majibu hasi, na hofu ya VVU bado haiishi

Mwenye mada, Unguja Mjini
Assalaam alaykum. Simsemei aliyejihatarisha akaogopa, huyo akapime. Nawasemea wale ambao kinyozi kawakwaruza kidogo, au wamekalia siti ya daladala ina unyevu, na tangu hapo hawalali. Mie ilianza kwa kinyozi. Nikapima: hasi. Nikasema labda mapema mno. Ikapita miezi mitatu, nikapima tena: hasi. Nikasema kipimo kibovu, nikapanda boti hadi Dar nikapime kwengine. Kurudi, hatujafika bandarini Malindi, nishaanza kujitazama ulimi kwenye simu natafuta utando mweupe. Mliopitia haya, tuambieni mlitokaje.

Mama wa Wete
Pole mwanangu. Mie nilikuwa nashikashika tezi za shingo kutwa. Zikauma kweli, nikazidi kuamini. Daktari akaniambia tezi ukiibonyeza kila saa itauma tu, niiache. Nilipoiacha ikapoa. Kule kukonda kulikuwa kwa kutokula, na tumbo kuendesha ni hofu hiyo hiyo. Mwili wenye hofu unatoa dalili za kweli, ndipo tunaponaswa.

Mpimaji
Nipo chumba cha ushauri nasaha. Virusi vinapita kwa damu, shahawa, majimaji ya ukeni na maziwa ya mama. Havipiti kwa mate, jasho, mbu, choo wala sahani. Kipimo cha kidole kikiwa hasi miezi mitatu baada ya tukio, na hapo kati hukujihatarisha, basi ni hasi. Ukijihatarisha kweli usikae unawaza: dawa za kuzuia maambukizi huanzwa ndani ya saa 72 na kunywewa siku 28. Na hapa Zanzibar wanaoishi na virusi ni chini ya asilimia 1 ya watu wazima.

Lakini nina wateja wameyahifadhi yote haya na bado wanarudi. Akitoka kwangu anatulia mpaka magharibi, kisha anapiga simu kuuliza kama hatukuchanganya majina. Kila nikimpima nazidi kumzoesha kwamba hatulii bila ya mimi. Siku hizi wa namna hiyo nakaa naye tukazungumza, damu simchukui.

Ustadh, Mkoani
Mnanikumbusha wanafunzi wangu wenye waswasi wa udhu. Wenziwe washarukuu, yeye bado yuko birikani anaosha mkono ule ule mpaka ngozi inachanika. Haponi kwa kuongezewa maji. Fiqhi inatufundisha kuwa yakini haiondoki kwa shaka: ushaosha, nenda kasali, na shaka ikija iache ikae pembeni. Nimemuona mmoja akitetemeka rakaa nzima kwa kule kutorudi birikani. Baada ya muda ikamlegea. Kipimo chako cha miezi mitatu ndiyo yakini yako.

Ninayeishi na virusi, Pemba
Na mie nisikilizeni. Nakunywa kidonge kila siku, virusi havionekani tena kwenye kipimo, na mtu wa hali hiyo haambukizi kwa tendo la ndoa. Mume wangu hana, watoto hawana. Naona wengi wenu hamuogopi ugonjwa, mnaogopa kusemwa. Hilo nalijua, maana liliniuma kuliko virusi vyenyewe.

Kijana wa Jang'ombe
Dada, umenigusa. Mie nilitibiwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili hapa Unguja. Najua watu wanavyolisema jina hilo mitaani, na ndilo lililonichelewesha. Nikapewa dawa, zikachukua wiki kadhaa kushika, na nikapewa kazi ya kufanya nyumbani: hamu ya kupima au kutafuta dalili kwenye simu ikinijia, niicheleweshe nusu saa, kisha saa, kisha mpaka kesho. Na kwa kinyozi nirudi. Nitazame wembe mpya ukifunguliwa, basi, nisiulize tena. Mwanzo ilikuwa ngumu kuliko hofu yenyewe.

Mwenye mada
Ahsanteni sana. Kijana, hiyo nusu saa ulikuwa unaipitishaje?

Kijana wa Jang'ombe
Jioni nikienda kiwanjani kucheza. Usiku simu anakaa nayo kaka yangu. Na nilimuomba nikimuuliza "unaniona nimekonda?" asinijibu, hata nikikasirika. Nilikasirika sana. Hakunijibu, na hilo lilinisaidia kuliko yote.