Naomba ushauri: mashine ya zamani ya kupiga alama nguo za dobi imeganda

Habari zenu wadau. Naishi Cincinnati, Ohio, nafanya kazi kwenye duka la dobi. Bosi anahama jengo, akanipa mashine ya kupiga alama nguo iliyokaa stoo miaka mingi. Kibati chake kimeandikwa National Marking Machine Company, kampuni ya mji huu huu. Naipenda mno, sitaki iishie kwa wauza vyuma chakavu.

Unapanga herufi na namba kwa kuzungusha magurudumu madogo, unalaza ukosi wa shati juu ya kitako, unashusha mkono, na alama inapigwa kupitia utepe wa wino.

Shida ni magurudumu mawili ya mwisho, hayazunguki. Katikati yake kuna ugando mweusi mgumu kama lami, nadhani ni wino wa zamani. Nimesugua kwa mswaki, nikadondoshea mafuta ya cherehani, nikaacha siku tatu. Moja limelegea kidogo. La pili limeng'ang'ania kwenye K. Kugonga naogopa, kingo za herufi ni nyembamba sana.

Naomba kujua: nitumie nini kuyeyusha wino uliokauka bila kula herufi? Na utepe mpya niuloweshe wino gani usiotoka kwa maji ya moto na sabuni? Najua zamani walitumia wino wa naitreti ya fedha, lakini ule unatia ngozi madoa meusi, kwa hiyo ningependa kwanza kumsikia aliyewahi kuushika.

Natanguliza shukrani.