Mrejesho: Kupiga jukwaani na akili mnemba

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliomba msaada kwa sababu napiga saksafoni huku programu ya akili mnemba ikinisikiliza na kunijibu kwa sauti ya piano papo kwa papo, ila ilikuwa inachelewa na haijui kunyamaza.

Nilianza na ushauri wa kushusha bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulichakata, kutoka sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 512 hadi 128. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa moja imetoka takribani milisekunde 11 hadi chini ya 3, na nikipiga naisikia tofauti. Mwanzoni sauti ilikwaruza. Nikafunga programu nyingine zote na kuzima intaneti, ikatulia.

Aliyeniambia niweke pedali ya kuinyamazisha, ubarikiwe sana. Nikikanyaga, inaendelea kusikiliza bila kupiga. Nikiachia, inaingia na ilichokisikia. Katika onyesho ilichukua noti tatu nilizokwisha kuzisahau, ikazigeuza, nikajikuta mimi ndiye ninayeifuata. Mwili ulinisisimka. Kwangu hilo ndilo lililokuwa linakosekana, kuliko hata suala la kasi.

Kuifundisha kwa rekodi zangu mwenyewe kumeshindikana. Nilikuwa na dakika 40 tu, ikawa inanirudishia vipande vyangu vilevile, hivyo nimerudi kwenye mfumo wa awali. Na nikipunguza mwendo ghafla, bado inanipita. Hapo namalizia peke yangu, mguu ukiwa kwenye pedali.

Asanteni sana kwa muda wenu, wote mlionijibu.