Saiba isiyosasisha kompyuta zake inyimwe leseni?

Mwanzisha mada, Kisumu:
Wana jamvi, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Saiba ndiyo ofisi ya serikali ya mwananchi wa kawaida. PIN ya KRA, cheti cha tabia njema, mkopo wa HELB, yote mtu anayafanyia pale Kondele au karibu na stendi, na nyuma yake anaacha kitambulisho kilichoskaniwa na nywila aliyoichapa. Naona kaunti, kabla ya kutoa leseni ya mwaka, iulize swali moja tu: kompyuta za wateja zina viraka vya usalama vya karibuni, yaani masasisho yanayoziba matundu ya programu? Asiye navyo apewe muda. Akikaidi, anyimwe.

Tunamwogopa sana mdukuzi wa mbali, lakini kwenye saiba mdukuzi ameshalipia dakika zake na ameketi mbele ya kibodi. Kinachomzuia ni akaunti aliyopewa, ya mtumiaji wa kawaida, isiyoruhusu kusakinisha programu ya kunasa kila herufi inayochapwa. Dosari za kujipandishia mamlaka, zinazomfanya mtumiaji wa kawaida awe msimamizi, zinabomoa kizuizi hicho hasa. Angalieni PwnKit: tundu lilikaa tangu 2009 ndani ya pkexec, kijiprogramu kilichomo karibu katika kila toleo la mfumo endeshi wa Linux, na mtumiaji yeyote angeweza kujigeuza msimamizi mkuu. Lilitangazwa Januari 2022, na mbinu ya kulitumia ikazagaa mtandaoni ndani ya siku moja. Dosari ya Dirty COW nayo ilijificha kwenye keneli, yaani kiini cha Linux, tangu 2007 hadi ilipozibwa Oktoba 2016. Tundu likishatangazwa, kompyuta isiyozibwa ni mali ya yeyote ajuaye kusoma.

Mwenye saiba, Nakuru:
Ndugu yangu, njoo ulipe kodi ya duka kwanza. PrintNightmare ya 2021 ilikuwa dosari ya aina hiyo hiyo, tena kwenye huduma ya kuchapisha ya Windows. Viraka vilivyofuata, hasa vya Septemba, vilifanya printa za mtandao zigome katika ofisi nyingi duniani. Mimi riziki yangu ni kuchapa. Printa ikigoma wiki ya wazazi kutafuta fomu za shule, nani atanilipa? Bando za kupakua nazo ni za nani? Na mashine zangu za zamani hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0, hazikubali Windows 11, wakati msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Halafu unaniletea mkaguzi asiyejua kiraka ni nini, ila anajua kuomba chai.

Mwalimu wa kompyuta, Bungoma:
Mkumbuke pia tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilizima kwa sasisho moja bovu la CrowdStrike. Haraka nayo ina madhara.

Mwanzisha mada:
Mwalimu, ile ilikuwa programu ya ulinzi ya kampuni nyingine, si kiraka cha mfumo endeshi wenyewe. Lakini somo lake nalichukua: jaribu kwenye mashine moja siku mbili, ndipo uweke kwenye zote.

Ndugu wa Nakuru, hoja ya printa ni nzito. Kompyuta ya kuchapia ikae nyuma ya kaunta, mteja asiiguse, na hiyo naweza kukubali icheleweshewe viraka kidogo. Za wateja, hapana. Bando zinapungua: Windows ina mpangilio unaoruhusu kompyuta moja ipakue kisha zilizo kwenye mtandao ule ule zigawane. Mashine zilizokataa Windows 11 zinabeba Linux vizuri, na kazi za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, zote ni za kivinjari. Ila ziwashwe upya! Nimeona saiba keneli mpya imeshapakuliwa, ukiandika amri ya uname -r inakuonyesha bado inaendesha ile ya zamani. Hapo kiraka kimo kwenye diski tu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 tayari inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Leseni ingeipa meno tu. Na kama tatizo ni mkaguzi, basi tarehe ya sasisho la mwisho ibandikwe ukutani, na mteja aruhusiwe kuihakikisha mwenyewe kwenye skrini kabla hajaandika nywila yake.

Mwenye saiba, Nakuru:
Hilo la kubandika tarehe nalikubali, hata kesho naanza. La leseni bado napinga. Wenye saiba wa Kakamega na Eldoret, nyinyi mnasemaje?