Kuziba nyufa hakujatosha kupunguza radoni: tufanye nini sasa?

Mkaazi_wa_Chini (swali):
Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Kipimo cha radoni (gesi yenye mionzi isiyoonekana wala kunusika) tulichokiacha kwa miezi mitatu katika chumba cha kulala kilicho chini ya usawa wa ardhi kilitoa wastani wa bekereli (kizio cha mionzi) 410 kwa mita ya ujazo. Fundi alituzibia kwa silikoni nyufa zote zinazoonekana sakafuni, tukapima upya, na kiwango kikashuka hadi 370 tu. Nyumbani sasa wapo wanaotaka madirisha yaachwe wazi usiku na mchana, na wapo wanaotaka sakafu ivunjwe imwagwe zege jipya. Je, hakuna njia nyingine? Na kwa kiwango hiki, tuharakishe kiasi gani?

FundiMsingi:
Sakafu msiivunje. Radoni hutokana na urani iliyomo kwenye miamba na udongo, na huingia ndani kwa sababu hewa yenye joto hupanda na kutokea juu ya nyumba, hivyo kanieneo (msukumo) ya hewa katika chumba cha chini huwa pungufu kidogo kuliko ile iliyo chini ya zege. Nyumba yenyewe ndiyo inayoivuta gesi. Mkiziba nyufa zinazoonekana, itapita kwenye kiungo cha sakafu na ukuta, pembezoni mwa mabomba, au kwenye matundu ya matofali ambako silikoni haifiki. Ndiyo maana kuziba peke yake huleta nafuu ndogo, tena isiyodumu.

Kinachotakiwa ni kuugeuza mvuto huo. Hutobolewa tundu katika zege, huchotwa udongo na kokoto kama ndoo moja ili pabaki shimo chini yake, kisha husimikwa bomba la plastiki lenye kipenyo cha takriban milimita 100 linalopanda hadi juu ya paa, likiwa na feni inayonyonya bila kuzimwa. Feni hiyo isifungwe ndani ya sehemu mnayoishi, kwa sababu bomba likivuja upande wa juu wa feni litamwaga ndani gesi mliyokusudia kuitoa. Mahali pake ni nje, au juu ya dari. Kabla ya kulifunga bomba moja kwa moja, mwambieni fundi atoboe kitundu chembamba upande wa mbali wa chumba, awashe kinyonyeo shimoni, kisha asogeze moshi kidogo karibu na kitundu hicho. Moshi ukivutwa chini, shimo moja linatosha. Ukielea tu, udongo umeshikana mno na huenda mkahitaji shimo la pili. Silikoni ya awali haikupotea bure, kwani itaizuia feni isinyonye hewa ya chumbani badala ya ile ya ardhini. Mfumo uliofungwa vizuri mara nyingi hushusha kiwango kwa zaidi ya nusu, na wakati mwingine hadi asilimia 99.

Mpimaji:
Nakubaliana na fundi, nami nijibu kuhusu uharaka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009, linapendekeza kiwango cha marejeo (yaani kikomo cha kulenga nyumbani) cha bekereli 100, na pale ambapo hakifikiki, kisizidi 300. Marekani hushauri hatua zichukuliwe kuanzia 148. Hatari ya saratani ya mapafu huongezeka kwa takriban asilimia 16 kwa kila ongezeko la bekereli 100 katika wastani wa muda mrefu, na kwa mvutaji sigara hatari hiyo ni kubwa mara nyingi zaidi. Hakuna haja ya kuhama usiku huu, lakini jambo hili si la kuahirisha mwaka hadi mwaka. Wakati mkimsubiri fundi, anayelala chumba hicho ahamie ghorofa ya juu. Madirisha yasaidie kwa muda tu, maana mkiyafunga kiwango hurudi baada ya saa chache.

Mkaazi_wa_Chini:
Nawashukuru sana. Sikutaja kwamba sehemu ya nyuma ina sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya udongo mtupu, na kwamba tunapasha maji kwa mtambo wa gesi wenye bomba la moshi.

FundiMsingi:
Hapo nyuma, udongo wote utandikwe karatasi nene ya plastiki, maungio yake yapandane na kugundishwa, kingo zishikizwe ukutani, kisha tawi la bomba lilelile linyonye chini yake. Kuhusu mtambo wa gesi, jambo hilo ni zito kuliko unavyodhani: feni ikivuta hewa nyingi ya ndani kupitia mianya, moshi wa mtambo unaweza kurudi chumbani pamoja na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu. Fundi aukague mkondo wa moshi feni ikiwa inafanya kazi, wala asiondoke kabla ya hapo.

Mpimaji:
Baada ya kazi, subirini angalau saa 24 feni ikiendelea, mpime kwa siku chache madirisha yakiwa yamefungwa, kisha mrudie kipimo cha muda mrefu katika chumba kilekile. Baadaye pimeni kila baada ya miaka miwili. Bombani hufungwa kimrija chenye umbo la U na maji ya rangi: pande zake mbili zikilingana, feni imeacha kunyonya. Kimrija hicho hakipimi radoni, kwa hiyo kisiwafanye mkaacha kupima.