Daktari ameshindwa kusoma mwandiko wake MWENYEWE

BintiKibuye
Nimetoka huko sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Ni yule daktari, watu wa Kisumu mnamjua, yule wa kalamu nne mfukoni. Kalamu nne, na hakuna hata moja inayojua herufi!

Mama ana sukari. Akapimwa, akapewa karatasi, tukashuka dirisha la dawa. Dada wa pale akaigeuza juu chini, akaiinua kwenye mwanga, akamwita mwenzake. Neno linaanza na "met", halafu ni mstari umelala kama ziwa alfajiri. Akasema hii yaweza kuwa metformini, ya sukari, au metronidazo, ya amiba. Ya amiba! Mama atibiwe tumbo huku sukari inapanda? Akakataa kubahatisha, Mungu ambariki, akaturudisha juu.

Ngazi upya, na magoti ya mama. Foleni upya. Nikampa karatasi. Akaitazama, akainua miwani, akaniuliza MIMI: "Nani aliandika hii?"

Nani aliandika hii! Sahihi yake iko hapo, muhuri wake uko hapo, wino haujakauka!

Estonia tangu 2010 daktari anaandika dawa kwa kompyuta, mgonjwa anaingia duka la dawa na kitambulisho tu. Sisi tunatumiana pesa kwa M-Pesa tangu 2007, lakini jina la dawa haliwezi kushuka ghorofa moja bila kupotea njiani! Kompyuta inaandika jina zima, kipimo, mara ngapi kwa siku. Ikiwekewa rekodi zako, inaonya dawa mbili zikigombana. Karatasi itamwonya nani? Na sheria ya afya ya kidijitali tuliipitisha 2023. Nani aliandika hii!!!

OmieriWaDunga
Pole sana. Sasa mwishowe aliisoma?

BintiKibuye
Hakuisoma! Alimgeukia mama: "Kwani mama unaumwa nini?" Kisha akaandika upya kwa herufi kubwa za chekechea. Kumbe anaweza! Halafu ananiuliza mimi nani aliandika.

MwalimuMstaafu
Nimesahihisha insha miaka mingi, hakuna mwandiko ulionishinda. Weka picha. Huenda ni macho yako.

BintiKibuye
Macho yangu?? Mwalimu, mwenye mkono ameshindwa!

NakuruNaVumbi
Mnalilia kompyuta kwa sababu hamjaonja. Kliniki yetu inazo. Juzi sistimu ililala, tukakaa tangu saa mbili hadi saa nane, watoto wakaota ndevu kwenye benchi.

NyumaYaDirisha
Mimi hugawa dawa. Kompyuta inasaidia, nasema kweli. Siku hizi sikimbizi madaktari kwa simu kuuliza hii ni mara moja au mara mbili kwa siku. Ila ukichapa "met", hizo dawa mbili zinatokea zimepakana kwenye orodha. Kidole kikiteleza, napokea kosa lililochapwa vizuri. Bado namuuliza kila mgonjwa: hii umepewa ya nini?

KakamegaKwetu
Heri nyinyi. Sisi karatasi inasomeka kama Biblia, unafika dirishani unaambiwa "haipo, kanunue nje."

OmieriWaDunga
Usinikumbushe. Na ukitoka nje, boda wa langoni akiona bahasha ya eksirei, nauli inapanda maradufu.

BintiKibuye
Jamani, "nani aliandika hii." Mnaelewa alichonifanyia?

NakuruNaVumbi
Maradufu ni nafuu. Wetu alidai ya mgonjwa, ya mwenye mgonjwa, na ya bahasha.

KakamegaKwetu
Mimi alinishusha mlimani nisukume, mguu uko kwa plasta! Pikipiki nyekundu, kiti kimeshonwa kwa kamba.

MwalimuMstaafu
Kamba ya bluu? Huyo ana chenji yangu ya mia mbili tangu Krismasi.